Kuvuka Dar hadi Unguja kwa Boti na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili

Wazazi wengi wanaovuka kwenda Unguja na watoto hukwama pale pale. Wengine hurudishwa langoni kwa sababu mtoto hana karatasi. Wengine huingia mwisho na kuangukia viti vya mbele kabisa, ghorofa ya juu, penye mtikisiko kuliko pote. Na wengi zaidi huvuka vizuri wakati wa kwenda, halafu wakati wa kurudi watoto wakatapika njia nzima na mama akaapa kwamba bahari basi tena.

Karibu yote haya yanazuilika, na yanazuiliwa mkiwa bado nchi kavu. Mwongozo huu ni wa familia yenye watoto kuanzia wachanga hadi wa miaka kumi hivi, wanaosafiri kwa boti ziendazo kasi kati ya Bandari ya Dar es Salaam na Bandari ya Malindi, Unguja. Safari huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kama mnafikiria Pemba, anzeni na Unguja kwanza: mkondo wa Pemba ni wa maji ya kina kirefu na mawimbi yake si ya kumfundishia mtoto bahari.

## Vitu vya kuandaa

Andaa hivi siku mbili kabla ya safari. Usisubiri asubuhi ya kuondoka.

- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto (au pasipoti) na kitambulisho cha kila mtu mzima
- Begi dogo la mkononi, tofauti na mizigo mikubwa
- Nguo moja kamili ya kubadilisha kwa kila mtoto, na fulana moja ya mzazi atakayempakata
- Sweta au kitenge, maana ndani ya boti kiyoyozi huwa kikali
- Mifuko ya karatasi na kopo pana lenye mfuniko, la kutapikia
- Vitambaa vyenye maji, taulo ndogo, nepi za kutosha saa sita
- Pakiti tatu za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), chupa ya maji safi na kijiko kidogo
- Biskuti kavu, ndizi mbivu, vipande vya mkate
- Dawa ya kuzuia kichefuchefu, ikiwa mfamasia au daktari amekubali (tazama hatua ya 4)
- Kofia, na mafuta ya kukinga jua kwa waliozidi miezi sita
- Kalamu ya wino usiofutika na plasta ya kitambaa

Lile kopo lina sababu yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar ina katazo lake. Mabaharia hugawa mifuko ya kutapikia, lakini bahari ikichafuka abiria hamsini wanaiomba kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 1: Chagua majira kwanza, tarehe baadaye

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mji wa Zanzibar uko kaskazini ya Dar es Salaam. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake mikali. Mkienda Unguja wakati huo, upepo na mawimbi yanawasukuma kwa nyuma na boti inateleza. Mkirudi Dar mnayapokea usoni: omo, yaani mbele ya boti, inapanda, inashuka, inapiga maji. Ndiyo sababu familia hufika Malindi ikicheka na kurudi Dar imelala sakafuni. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hugeuza mambo: ugumu huwa zaidi wakati wa kwenda, ingawa kwa kawaida haufikii ule wa kusi.

Sasa tazama kalenda ya shule. Likizo ya katikati ya mwaka inaangukia Juni, kusi ikiwa imepamba moto. Sisemi msiende. Ila mkienda Juni na mtoto wa miaka minne, kupanga safari ya kurudi ndiyo kazi yenyewe, na ya kwenda ni nyepesi. Familia yenye uwezo inaweza kwenda kwa boti na kurudi kwa ndege ndogo, ambayo ni kama dakika ishirini angani. Gharama hiyo ni afadhali kuliko kumfanya mtoto aichukie bahari.

Kama watoto hawajaanza shule, nendeni Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Vuli inaweza kuwanyeshea, lakini mvua bila upepo haimtapishi mtu.

Siku tatu kabla ya kuondoka, anza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Inapotoa angalizo la upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 katika ukanda wa pwani, ahirisha. Boti inaweza bado kuondoka na bado ikawa salama, lakini kwa mtoto mdogo hiyo si safari ya mapumziko.

Utajua umefaulu ukiwa na tarehe mbili, ya kwenda na ya kurudi, na siku moja ya ziada itakayokuruhusu kusogeza safari bila kugombana na hoteli wala mwajiri.

## Hatua ya 2: Kata tiketi ya boti ya kwanza

Upepo wa pwani huzidi kadiri jua linavyopanda. Asubuhi bahari kwa kawaida imetulia kuliko alasiri, kwa hiyo chukua boti ya asubuhi kabisa, kwenda na kurudi. Watoto pia huwa bado na usingizi, na mtoto aliyelala ni nadra kutapika.

Nunua kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au kwenye tovuti yake. Azam Marine, wenye boti za Kilimanjaro, na Zan Fast Ferries ndio wanaotumiwa na wengi katika njia hii. Nje ya bandari utakutana na vishoka watakaokuambia ofisi imefungwa au boti imejaa. Pita kimya, ingia dirishani ukaulize mwenyewe.

Mambo matatu ya kukagua kabla ya kuondoka dirishani:

Kwanza, jina la kila mtoto limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti. Nauli ya mtoto hukatwa kwa umri, na asiye na uthibitisho anaweza kuhesabiwa mtu mzima.

Pili, hata mchanga unayempakata yumo kwenye orodha ya abiria. Usikubali kuambiwa "huyu mdogo, pita naye tu." Orodha hiyo ndiyo inayotumika kujua nani alikuwa ndani ya chombo likitokea la kutokea, na kila jina lililomo linatakiwa kuwa na jaketi lake la kuokolea.

Tatu, saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Kuna waliofika bandarini saa kumi na mbili na nusu alfajiri na watoto wanaosinzia, boti yao ikiwa ya mchana.

Wakati wa Idi na mwisho wa mwaka, kata wiki mbili au zaidi kabla. Na tiketi ya kurudi ikatwe siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Panga karatasi katika bahasha moja

Mtanzania mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mtoto abebe cheti cha kuzaliwa. Picha ya cheti kwenye simu ni akiba nzuri, lakini usiifanye ndiyo tegemeo lako.

Mtoto anayesafiri na shangazi, bibi au mjomba awe na barua ya mzazi yenye namba ya simu inayopatikana, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Maofisa wakiuliza, wanauliza kwa faida ya mtoto. Jibu kwa utulivu.

Wageni wa nje ya nchi hukaguliwa pasipoti na Uhamiaji pale Malindi, hata kama wameshaingia Tanzania Bara. Anayetokea Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Ndugu wanaokuja likizo kutoka Ulaya au Marekani kwa pasipoti za huko wakumbuke pia bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kutakiwa kwa wageni tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu mzima hulipa dola 44, na inanunuliwa mtandaoni kabla ya kufika.

## Hatua ya 4: Tumbo na dawa, kuanzia jioni iliyotangulia

Kichefuchefu cha bahari hutokea sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Mtoto akiwa ameinamia simu, macho yanauambia ubongo "tumetulia" na sikio linasema "tunayumba." Ubongo ukichanganyikiwa, tumbo ndilo linalolipa.

Watoto wa chini ya miaka miwili huathirika kwa nadra. Wanaoteseka zaidi ni wa kati ya miaka sita na kumi na miwili, ambao ndio wazazi wengi huwaona ni wakubwa wa kujiangalia. Begi la kutapikia liwe karibu na kaka, siyo na mchanga.

Jioni ya kabla, chakula cha kawaida, kisicho na mafuta mengi, na kulala mapema. Asubuhi, kabla hamjatoka nyumbani, mpe uji mwepesi, au mkate mkavu na ndizi. Tumbo tupu hutapika sawasawa na lililoshiba kupita kiasi, kwa hiyo usimfungishe. Epuka maziwa mazito, sambusa, chapati za mafuta, soda na juisi ya embe. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya anavyotaka.

Kuhusu dawa: muulize mfamasia au daktari siku kadhaa kabla, ukimtajia umri na uzito wa mtoto. Promethazine haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua vizuri. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Dawa hizi hufanya kazi zikimezwa kabla ya safari kwa muda atakaouelekeza mfamasia. Mtoto akishaanza kutapika, umechelewa. Na usimpe mara ya kwanza siku ya kuvuka. Watoto wengi husinzia, lakini wapo wachache ambao dawa hizi huwachangamsha wakawa hawatulii kabisa. Ijaribu nyumbani siku ya mapumziko, kwa ruhusa ya aliyeitoa.

Tangawizi, kwenye biskuti au chai nyepesi, huwasaidia baadhi ya watoto na haina hatari kwa kiasi cha chakula.

## Hatua ya 5: Fika bandarini saa moja na nusu kabla

Gati la boti liko Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Usimwambie dereva "nipeleke kivukoni" tu, atakufikisha kwenye pantoni la Kigamboni, na kutoka hapo mtatembea na mizigo juani.

Muda huo si mwingi. Kuna ukaguzi wa karatasi, mashine ya mizigo, foleni, na mtoto mmoja lazima atataka choo. Wapeleke wote chooni na badilisha nepi hapa nchi kavu. Choo cha boti inayoyumba, ukiwa na mtoto wa miaka mitatu mkononi, ni mtihani usiohitajika.

Mizigo mikubwa mpe mchukuzi mwenye sare au kitambulisho, mkubaliane bei kwanza. Begi la mkononi lisiondoke begani kwako. Limebeba nguo, ORS na karatasi, na mizigo mikubwa ikishapangwa huwezi kuifikia mpaka Malindi.

Kabla ya kupanga foleni, andika namba yako ya simu kwenye plasta na uibandike ndani ya mkono wa kila mtoto. Wagaweni watoto pia: mtu mzima huyu na mtoto huyu, kwa majina. "Tuwaangalie wote" maana yake hakuna anayemwangalia yeyote.

## Hatua ya 6: Kiti ndicho nusu ya dawa

Katika daraja la kawaida viti havina namba, anayewahi ndiye anayechagua. Nenda ghorofa ya chini, katikati ya chombo au nyuma kidogo ya katikati. Hapo boti huyumba kidogo kuliko kwingine kote. Viti vya mbele na vya juu vina mandhari nzuri na ndivyo vinavyorushwa zaidi.

Kaa karibu na dirisha ili mtoto aone upeo wa bahari, na usimkalishe mbele ya televisheni. Asubuhi mkienda Unguja, jua hupiga upande wa kulia, kaeni kushoto.

Sitaha ya nyuma ina hewa safi, na kwa mtoto mkubwa anayeanza kujisikia vibaya inasaidia sana. Lakini sogea mbali na moshi wa injini, na umshike mkono muda wote. Kusimama kwenye kiti pembeni mwa reli ni marufuku, hata kwa picha moja.

Sasa fanya jambo ambalo abiria wengi hawalifanyi: mwombe baharia akuonyeshe jaketi la kuokolea la mtoto. Yapo ya saizi yao. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha shika mabegani na uvute juu taratibu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, omba jingine. Vua, lirudishe mahali pake, na mweleze mtoto kwamba ndilo lake. Mchanga aliyefungwa mbeleko hafungwi jaketi juu yake: mbeleko hutoka kwanza.

Onyo. Ukiona abiria wamekaa kwenye ngazi na njiani, au mizigo imeziba mlango wa kutokea, shuka na watoto wako boti ikiwa bado gatini. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikienda Pemba ikiwa imezidisha abiria, na MV Skagit ilizama 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, kusi ikivuma. Tangu hapo usimamizi umekazwa, na wenye boti kubwa za kasi huhesabu abiria wao. Hata hivyo haki ya kushuka ni yako, na nauli iliyopotea haina uzito wowote hapo.

## Hatua ya 7: Baharini

Dakika ishirini za kwanza, ndani ya mlango wa bandari, ni shwari. Zitumie kumtuliza mtoto, si kumlisha. Chombo kikitoka kwenye maji ya wazi, simu na vitabu vinafungwa. Imbeni, hesabuni majahazi, tafuteni visiwa.

Jifunze dalili za mapema: mtoto mzungumzaji ananyamaza ghafla, anapiga miayo, uso unapauka, jasho baridi linamtoka, anameza mate mara kwa mara. Ukiona mbili kati ya hizo, mgeuzie uso kwenye upeo wa bahari, mlegeze nguo shingoni, mpepee. Au mlaze chali kichwa mapajani mwako, macho yafumbwe. Kufumba macho kunaondoa ule ugomvi wa macho na sikio.

Akitapika, usimpe maji mengi mara moja, atayarudisha. Subiri kama dakika kumi, kisha ORS kijiko kimoja kila dakika mbili. Na usimkaripie. Mtoto aliyekaripiwa kwa kutapika huogopa safari inayofuata, na woga nao unachafua tumbo.

Utajua umefaulu akifika akiwa na hamu ya kushuka kwa miguu yake. Kutapika mara moja hakujaharibu chochote.

## Hatua ya 8: Kushuka Malindi

Bakini mmekaa. Dakika kumi za mwanzo milangoni ni msukumano wa mabegi yaliyo kwenye usawa wa uso wa mtoto, na hakuna zawadi ya kutangulia.

Nje ya lango kuna wachukuzi, madereva na papasi (madalali wa wageni), wote wakiongea kwa pamoja. Panga usafiri kabla ya kuvuka, na umpe dereva jina la kumwita. Kama mnakaa Mji Mkongwe, gari halifiki kwenye vichochoro vingi. Mtamaliza kwa miguu, kwa hiyo mchanga afungwe mbeleko na gari lake la kusukuma libaki nyumbani.

Siku ya kwanza isiwe na ratiba. Ukija Ramadhani, uliza mapema mahali pa kupata chakula cha mchana cha watoto; migahawa mingi hufungwa hadi magharibi, na mtu mzima hali barabarani.

## Hatua ya 9: Mashua ndogo za Changuu na fungu la mchanga

Watoto hupenda kisiwa cha Changuu kwa sababu ya kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Safari ni kama nusu saa kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe, lakini kwa mtoto hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko boti kubwa: mashua iko wazi, iko chini, na mara nyingi haina jaketi la saizi yake.

Usilipe kabla ya kuliona jaketi hilo na kumvalisha. Nahodha akisema "ni karibu tu," tafuta mwingine. Na kamwe usimfunge mtoto kwenye mwili wako kwa kanga mkiwa ndani ya mashua. Ikipinduka, mafundo hayafunguki majini.

Kama mnakwenda pia kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, uliza maji. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa hupanda na kushuka karibu mita 4, na hutoka sana mnamo saa nne asubuhi. Hapo fungu huwa pana. Alasiri ya siku hizo hizo linamezwa. Kubaliana saa ya kurudi na nahodha kabla ya kuondoka pwani. Mchangani hakuna mti hata mmoja, basi wachanga wabaki na mwavuli au wasiende.

## Hatua ya 10: Kurudi

Rudia hatua ya 4 yote kana kwamba hamjawahi kusafiri. Wengi hulegeza hapa: jana yake watoto wamekula pweza, urojo na aisikrimu Forodhani hadi usiku, asubuhi wanakimbizwa bandarini na matumbo mazito, na kusi inawangoja nje ya Chumbe.

Usiku wa mwisho kuleni mapema, karibu na mnapolala. Tazama tena utabiri wa TMA. Kama upepo umepanda, tumia ile siku ya ziada uliyoitenga katika hatua ya 1: nenda ofisi ya boti jioni hiyo hiyo, mapema, uombe tiketi isogezwe. Uliza masharti ya kusogeza unapokata, maana kila kampuni ina yake.

Safari hii asubuhi jua litakuwa upande wa kushoto. Kaeni kulia, chini, katikati.